Umeokota mbwa mgonjwa Nakuru? Fanya hivi, kuanzia barabarani mpaka apate kwao

Kabla umguse, simama hatua tano hivi umwangalie kwanza. Najua roho inakusukuma ukimbie umbebe, mimi pia huwa hivyo, lakini hizo dakika mbili za kuangalia ni muhimu kuliko yote utakayofanya baadaye. Angalia anavyopumua, angalia kama miguu yote inasonga, kama kuna damu inatoka wapi, na zaidi ya yote angalia mdomo na tabia yake. Mbwa anayetokwa na mate mengi, taya limelegea, sauti imebadilika, anayumba, anauma mawe na vijiti, ama mbwa koko mwoga ambaye leo ghafla anakujia kama mmejuana miaka, huyo usimguse. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa, na kichaa dalili zikishatokea hakuna matibabu ya kumwokoa mbwa na mtu pia karibu kila mara hufa. Ondoa watoto hapo upigie ofisi ya mifugo ya kaunti. Na kama ameshakuuma ama mate yake yameingia kwenye kidonda chako, osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, weka saa ya simu kabisa, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo uanze chanjo, usingoje kuona kama mbwa atakufa. Ratiba inayotumika sana ni siku unayoanza, halafu ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, na usiruke hata moja. Kama unajua hii kazi utaifanya mara kwa mara, ongea na daktari upate chanjo mapema kabla hujaumwa.

Nimekuwa nikichukua mbwa wa aina hii hapa Nakuru kwa miaka kadhaa, wale ambao watu wanasema "aki pole" halafu wanaendelea na safari. Sai niko na watatu: Kadogo aliyegongwa na gari pale Free Area miguu ya nyuma ikafa, Njugu mwenye kifafa, na Mzee ambaye haoni. Wengine wamepita kwangu wakapona wakapata kwao, wawili niliwazika. Na nikikuambia ukweli, watu wengi wanaoanza hii kitu hushindwa na saa kuliko ugonjwa. Saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni, kesho tena, mwezi wa tano tena, wakati wale waliokuwa wanakutumia emoji za kulia washasahau hata jina la mbwa. Haya yote ninayoandika hapa chini, soma ukijiuliza utayafanya saa ngapi na nani atayafanya siku haupo.

Kumtoa hapo alipo

Mbwa mwenye maumivu huuma hata aliyemlea, usimchukulie vibaya. Chukua kitambaa kirefu, hata leso uliyoikunja, piga kitanzi, pitisha juu ya pua, kaza, vusha chini ya kidevu, halafu funga nyuma ya masikio kwa fundo la kufunguka haraka. Kama anatapika ama anapumua kwa shida usimfunge mdomo kabisa, mfunike tu kichwa kidogo na shuka atulie. Kama hawezi kusimama hesabu kwamba uti wa mgongo umeumia mpaka daktari aseme vingine, kwa hivyo asibebwe kwa miguu wala kukunjwa kwenye gunia. Mnahitaji watu wawili na kitu kigumu cha bapa, kipande cha plaiwudi ama hata mlango wa kabati la zamani, mmtelezeshe juu yake polepole mgongo ukiwa umenyooka, mumfunge na shuka asiruke. Boda boda hapana. Tafuta tuktuk ama Probox, mwambie dereva ukweli kabla hajafika ili asikuache hapo ukibembeleza.

Halafu uliza majirani, na usipite hii hatua haraka. Hapa kwetu mbwa wengi wana kwao lakini mchana wanazurura bila kola, na mwenyewe hata hajui amegongwa. Nimewahi kuchukua mbwa karibu na jaa la takataka la Gioto, kule mtaa wa London hapa Nakuru, ngozi yote upele, nikadhani hana mtu, kumbe mzee mmoja anayeokota plastiki hapo alikuwa akigawana naye chakula na akamtafuta siku mbili nzima. Niliaibika. Tulikubaliana nimtibu halafu nimrudishe, na nikamrudisha, na huyo mzee ndiye aliyekuwa anampa dawa zake za mwisho. Kwa hivyo uliza mama mboga, uliza mlinzi, uliza vijana wa steji, waambie wakupigie mtu akimtafuta. Mwenyewe akipatikana na akasema hamtaki tena, andikeni karatasi: tarehe, majina, namba ya kitambulisho, kwamba amekukabidhi, na mzee wa nyumba kumi aweke sahihi kama shahidi. Bila hiyo karatasi ukishamponya atarudi kumdai. Na kama mwenyewe anamwacha akioza na hataki kumtibu wala kumtoa, kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, mtu anaweza kushtakiwa, ingawa mimi huwa naanza na maneno ya upole kwanza juu nia yangu ni mbwa atoke hapo salama.

Kwa daktari

Tofautisha watu watatu. Kuna daktari wa mifugo aliyesomea shahada, kuna msaidizi wa afya ya mifugo, na kuna muuzaji wa agroveti. Wawili wa kwanza wanatakiwa wasajiliwe na Kenya Veterinary Board na hakuna ubaya kuuliza namba ya usajili. Muuzaji wa agroveti anaweza kuwa mtu mzuri sana lakini amezoea ng'ombe na kuku, na kipimo cha dawa ya ng'ombe kwa mbwa wa kilo nane kinaua. Hapo Njoro Chuo Kikuu cha Egerton kina kitivo cha udaktari wa mifugo, na kesi ngumu kabisa watu hupeleka Kabete kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa hivyo muulize daktari wako mapema kama kesi yako ni ya kupelekwa mbele.

Usitoke kwa daktari na neno "atapona tu" peke yake. Uliza: ana maumivu sasa hivi? Hii hali itaisha ama ni ya maisha? Kila siku nitafanya nini kwa mikono yangu? Dawa ni tembe ngapi kwa siku na tembe moja ni pesa ngapi? Dalili gani nikiiona usiku nikupigie? Na swali ambalo watu wanaogopa, ni lini itakuwa huruma kumlaza asiamke.

Kwa mbwa aliyevunjika mgongo kuna kipimo kimoja unafaa kuelewa. Daktari humfinya kidole cha mguu wa nyuma kwa nguvu. Mguu ukijikunja peke yake usishangilie bado, hiyo ni uti wa mgongo unajibu bila kichwa kujua. Kinachotafutwa ni mbwa mwenyewe ageuke, alie, ama ajaribu kuuma, yaani maumivu yamefika kwenye ubongo. Akihisi, kuna matumaini mazuri ya kutembea tena. Asipohisi kabisa baada ya ajali, uwezekano wa kutembea ni mdogo sana na unapanga maisha ya mbwa wa magurudumu, ama unaongea na daktari kuhusu kumpumzisha. Kadogo hakuhisi. Nilikaa naye kwa gari nje ya kliniki kama saa nzima nikifikiria, na kilichoniamulia ni kwamba alikuwa anakula, anatingisha kichwa akisikia sauti yangu, na maumivu yake yalikuwa yanadhibitika kwa dawa. Yule wa kwanza kati ya wale niliowazika alikuwa na jeraha kama hilo hilo lakini figo zilikuwa zimekufa, hali wala hanywi, na tukamchoma sindano akiwa amelaza kichwa kwenye mguu wangu. Usikubali mtu akuambie hiyo ni kushindwa. Na usikubali ifanywe na mtu yeyote mwenye sumu ama panga, ifanywe na daktari, mbwa alale usingizi kwanza.

Tena tafadhali, hapo katikati kabla ya daktari, usimpe dawa za watu. Ibuprofeni, ile mnaita Brufen, na diklofenaki, zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo hata kwa kipimo unachoona kidogo. Panadol nayo inaharibu ini na damu. Nimeona mbwa aliyevunjika mguu tu, kitu cha kupona, akafa kwa diklofenaki ya huruma.

Pesa na nyumba

Fanya hesabu kabla hujaahidi mtu yeyote kitu. Dawa mara mbili kwa siku ni tembe 60 kwa mwezi, zidisha na bei ya tembe, ongeza chakula, ongeza diapa kama ni wa kulemaa, ongeza kipimo cha damu kila miezi sita ukigawanye kwa sita. Hiyo namba ya mwisho uiangalie vizuri. Kama inazidi uwezo wako, usimwache mbwa, tafuta wenzako. Sisi tuko watu sita, tumefanya kama chama, kila mtu anatoa kidogo mwezi ukiisha hata kama hakuna mgonjwa, na michango ya watu wa nje hatupokei mkononi, tunawapa tili namba ya kliniki walipe moja kwa moja halafu tunaonyesha risiti. Hiyo imetuokoa na maneno mengi.

Kama unapanga nyumba ongea na mwenye nyumba kabla, na keretaka pia, juu keretaka ndiye atasikia malalamiko kwanza. Ploti yenye milango kumi na choo kimoja mbwa wa kulemaa atakuletea vita, bora umtafutie mtu mwenye kiwanja.

Ukifika nyumbani mtenge na mbwa wako wengine siku 14. Vyombo vyake, shuka zake, viatu vyako vya kuingilia huko, vyote tofauti, na umhudumie wa mwisho. Parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa, hazionekani siku ya kwanza, na virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Osha sakafu na sabuni uchafu uishe kabisa, halafu weka jiki kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, acha dakika kumi, suuza. Ukimwaga jiki juu ya mavi haifanyi kazi. Chanjo ya kichaa hutolewa kuanzia miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka, hizo zingine daktari atakuambia akishapata nguvu.

Kadogo, na kazi ya kibofu

Mbwa aliyekufa miguu ya nyuma mara nyingi hawezi kukojoa mwenyewe. Anaweza kuvuja vuja ukadhani anakojoa, kumbe kibofu kimejaa kinamwagika tu, na mkojo ukikaa ndani unaleta maambukizi yanayopanda mpaka kwa figo. Hii ndiyo inaua mbwa wa aina hii. Kwa hivyo unamkamua mara tatu ama nne kwa siku. Mwache daktari akuonyeshe, halafu ufanye wewe mbele yake mpaka aseme sawa, lakini ni hivi: asimame umemshikilia, ama alale upande, mikono yako miwili kila upande wa tumbo mbele kidogo ya miguu ya nyuma, tafuta kitu kama ovakado iliyoiva, kisha bonyeza polepole bila kuachia ukielekeza nyuma kwa mkia. Usifinye kwa vidole, tumia kiganja. Mkojo utatoka kama mfereji, endelea mpaka ovakado ipotee. Kama kibofu kimekuwa kigumu kama mpira na hakitoi hata tone usilazimishe, kinaweza kupasuka, mrudishe kwa daktari apitishwe mpira wa kutoa mkojo. Mkojo ukinuka vibaya kuliko kawaida, ukiwa na ukungu ama damu, chukua kidogo kwa chupa safi umpelekee daktari siku hiyo. Mimi nilichukua kama wiki mbili kuzoea, siku za kwanza nilikuwa nalia kuliko Kadogo, sai nafanya nikiongea na simu.

Kulala, chukua godoro la sponji nene, livalishe karatasi ya nailoni, juu weka blanketi la kufua. Mgeuze upande kila baada ya saa nne hivi akiwa hawezi kujigeuza. Kila jioni mwangalie nyonga, magoti na vifundo, sehemu yoyote nyekundu ama yenye manyoya yamekatika ndio mwanzo wa kidonda cha kulalia. Muoshe mkojo, mkaushe kabisa, pakaa mafuta ya mgando. Mvua za mwezi wa nne zikianza inzi wanakuwa wengi na wanataga kwenye kidonda chochote chenye unyevu, asubuhi hakuna kitu, kesho yake jioni kuna mabuu. Chandarua cha mtoto kimenisaidia sana hapo.

Kigari cha kutembelea hakuna haja ya kuagiza ng'ambo. Kadogo alitengenezewa na fundi wa mabomba, mabomba ya plastiki ya inchi nusu, magurudumu ya kigari cha mtoto kilichochakaa, na mshipi wa begi la shule. Pima urefu kutoka juu ya nyonga mpaka chini akiwa ameinuliwa sawasawa, pima upana wa nyonga uongeze vidole viwili, na mgongo uwe umenyooka akiwa ndani, usishuke nyuma wala kumsukuma mbele. Anza na dakika kumi, asikae ndani siku nzima, na usimwache peke yake humo. Siku ya kwanza Kadogo alisimama tu akiangalia nyuma. Ya tatu akamfukuza kuku wa jirani mpaka kwa ua, na mwenye kuku akaja, nikafikiria ni kesi, kumbe alikuwa anataka kuona hicho kigari.

Kifafa

Mbwa uliyemwokota akianza kutetemeka usikimbilie kusema ni kifafa. Inaweza kuwa sumu ya kuulia wadudu, distempa, sukari kushuka, hata kichaa, kwa hivyo usimshike mdomo kamwe na umpeleke kwa daktari achunguzwe. Akiwa anatetemeka ondoa vitu vya kumgonga, zima taa na redio, usiweke mkono wala kijiko mdomoni, mbwa hamezi ulimi wake. Hesabu dakika na umrekodi kwa simu, hiyo video itamsaidia daktari kuliko maelezo yako yote. Ikipita dakika tano, ama ikirudi mara mbili au zaidi ndani ya siku moja, hiyo ni dharura, toka hata kama ni usiku.

Dawa ya Njugu ni fenobabitoni, kila baada ya saa 12. Ni dawa ya kuandikiwa, haiuzwi ovyo, na wiki mbili za kwanza atalewa, atakunywa maji sana, atakojoa sana na atakula kama hajawahi kuona chakula, usiogope, mengi hupungua. Damu ipimwe wiki chache baada ya kuanza kuona kama kipimo kinatosha, halafu kila miezi sita kwa sababu ya ini. Kubwa zaidi, dawa haikatwi ghafla. Mwaka fulani nilienda matanga Bungoma siku nne nikamwachia kijana wa jirani, kijana mzuri sana, nikamweleza asubuhi na jioni. Siku ya pili akaona Njugu anacheza, akanipigia, "Anti, huyu amepona, nimempa moja tu ya asubuhi." Ilikuwa saa tatu usiku niko mbali. Nilimwambia ampe ya jioni hapo hapo, lakini kabla kukuche alikuwa amepata kifafa mara tatu, jirani ndiye aliyembeba kwa shuka akampeleka. Alipona. Tangu hapo nina kisanduku cha vidonge chenye siku saba, asubuhi na jioni, kila kidonge kwa chumba chake, na kila anayeachiwa Njugu ananitumia picha ya chumba kitupu kila saa kumi na mbili. Na huwa na akiba ya wiki mbili kila wakati, dawa ikiisha kwa duka la dawa moja nisianze kuzunguka mjini mbwa akingoja.

Jambo lingine la mbwa wa kifafa: zile tembe za kutafuna za kupe na viroboto ambazo siku hizi ziko kila mahali, za kundi la isoksazolini, mwambie daktari ana kifafa kabla umpe. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari 2018 kwamba zinaweza kuleta mitetemeko kwa mbwa wengine. Kwa mbwa wengi ni dawa nzuri sana, kwa upele hasa, lakini Njugu hapewi.

Mzee asiyeona

Huyu ndiye rahisi kuliko wote. Kwanza daktari ahakikishe macho hayaumi, maanake jicho linaweza kuwa limepofuka na bado lina presha na maumivu makali, na hapo kulitoa ni msaada mkubwa, mbwa huchangamka ndani ya siku chache. Baada ya hapo ni kutohamisha vitu. Maji pale pale, kitanda pale pale. Weka zulia gumu mlangoni ajue kwa miguu amefika. Ongea kabla umguse. Hatari zetu za hapa ni jiko la makaa chini, mtaro usiofunikwa na shimo la choo, kwa hivyo jiko lizungushie matofali ama liweke juu ya meza, na uwanja uutembee mwenyewe kwanza ukitafuta kila shimo. Mzee alizoea kiwanja chetu cha Kiamunyi kwa wiki moja akiwa kwa kamba.

Wengine wengi hupona kabisa, na watu hawajui

Yule mbwa asiye na manyoya, ngozi kama ya tembo, ananuka, watu wanamrushia mawe, mara nyingi ana upele tu na baada ya miezi miwili mitatu hutamjua. Daktari anakwangua ngozi anaangalia kwa darubini ajue ni upele gani, mmoja unaambukiza na utakuwasha na wewe kwa muda, mwingine hauambukizi. Msimpake oili chafu ya gari. Msimpake mafuta ya taa. Anajilamba, inaingia damu, na ngozi inaungua. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo usichanganye kwa kukisia.

Jike ama dume anayetoka damu sehemu za siri na uvimbe kama koliflawa, hiyo mara nyingi ni uvimbe wa kuambukizana kwa kupandana. Watu wanamfukuza wakiona ni laana. Unatibika kwa sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kawaida wiki nne mpaka sita, na wengi wanapona moja kwa moja. Ni dawa kali ya saratani, kwa hivyo siku chache baada ya sindano vaa glavu ukiosha mkojo na mavi, na mama mjamzito asifanye hiyo kazi. Akipona, afungwe kizazi.

Na homa ya kupe. Vuta mdomo uangalie fizi, zikiwa nyeupe kama karatasi, hana nguvu, labda damu puani, usingoje. Moja ya hizi homa hutibiwa kwa doksisaiklini siku 28. Siku ya tano atakuwa anakula na kuruka, na hapo ndipo watu wanaacha, halafu baada ya miezi mitatu hivi anarudi vibaya kuliko mwanzo. Mpe na chakula. Kupe wa mbwa wanaishi kwa nyufa za ukuta na chini ya kitanda chake, ukitibu mbwa ukaacha nyumba umefanya nusu.

Chakula

Ugali na omena ni sawa kwa mbwa wengi, omena ioshwe mchanga utoke na isiwe na chumvi. Mapupu na matumbo yachemshwe. Wenzangu wa Kisumu hupata mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyobaki minofu ikitolewa, kwa bei nafuu, lakini ile mifupa ichemshwe mpaka isagike kwa vidole ama mchukue nyama peke yake. Kitunguu hapana. Unga ndio ninaukalia sana: ile mahindi iliyooza inayosagwa ikaitwa unga wa mbwa, usinunue. Ina sumu ya aflatoksini, ile ile iliyoua watu zaidi ya 100 mashariki ya Kenya 2004, na kupika ugali hakuiondoi. Mbwa ni dhaifu sana kwayo, ini linakufa, macho na fizi zinakuwa za njano. Mbwa anayekunywa dawa ya kifafa ini lake tayari lina kazi. Kama wewe usingeula, asiule.

Kumpa mtu mwingine

Usiweke picha ya kusikitisha peke yake, utapata watu wa huruma ya wiki moja. Andika kazi yenyewe: anakamuliwa saa kumi na mbili, saa saba, saa kumi na mbili, saa nne usiku. Watapungua, na watakaobaki ndio unaotaka. Nenda uone nyumba, uliza nani anabaki mchana, ongea na kila mtu mzima anayeishi hapo. Mtu achukue wiki mbili za majaribio na akirudisha usimfokee, afadhali arudishe kuliko amwache barabarani. Andikeni karatasi kwamba hatauzwa, hatapewa mtu mwingine, na akishindwa anarudi kwako.

Juzi nimemtoa jike mmoja wa kulemaa kama Kadogo, amechukuliwa na mwalimu wa Mamboleo, Kisumu. Mwalimu alikuja Nakuru Ijumaa akalala kwangu, akamkamua yeye mwenyewe mara tano mimi nikiwa nimekaa kando mikono mfukoni. Jumamosi wakasafiri na gari ya rafiki, alfajiri kabla jua liwe kali, kwa buti ya matatu sikubali. Aliondoka na cheti cha kichaa, daftari la dawa, shuka ambayo haijafuliwa ili mbwa anuse kitu anachokijua, na namba ya daktari wa Kisumu ambaye nilikuwa nimeshamwelezea kesi. Saa nne usiku akanipigia, "Dada, natafuta kibofu sikipati." Nikamwambia mlaze upande wa kulia, pumua, rudisha viganja nyuma kidogo, usiharakishe. Kimya kidogo. Halafu nikasikia maji.